Maua Kwenye Tairi la Spea

Skardu, 14 Septemba 1996

Baba yangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Huku sote wazima. Shangazi anakohoa kidogo lakini anasema ni vumbi la kupeta ngano, litapita. Barua yako nimeipata pamoja na gunia dogo la aprikoti kavu. Ami Shukur ameandika tena chini ya sahihi yako, eti nisome kwa bidii niwe hakimu, ili nikufunge wewe kwa uendeshaji mbaya. Mwambie nitawafunga ninyi madereva wote wawili, tena chumba kimoja, msikilizane mkikoroma.

Ndani ya furushi hili utakuta kitu cha mduara. Usicheke kwanza. Ni kava la tairi la spea. Nilipokuja likizo mwezi wa Julai niliona tairi lile la nyuma ya gari lako la jipu lina nyufa kama kisigino cha mtu anayetembea peku. Kitabu chetu cha sayansi kinasema jua la milimani hula mpira upesi kuliko jua la bondeni, kwa sababu hewa ni nyepesi. Na hapa Skardu magari ya wapanda milima yote yamevalishwa makava. Kwa hiyo nikachukua kile kitambaa cha buluu cha hema uliloachiwa na wale Waitaliano, nikashona. Maua ni ya aprikoti. Kazi imechukua wiki sita, kila siku baada ya kumaliza masomo.

Nina ombi moja, Baba. Usimwambie mtu kwamba nimeshona mimi. Ua la tatu kutoka juu limepinda, na watu wa Daso watalitazama hilo tu. Ukiulizwa, sema umeagiza dukani mjini. Hata Ami Shukur usimwambie, maana yeye akijua nitaimbiwa mpaka siku ya harusi yangu. Najua si jambo kubwa, lakini nikifikiria watu wanasimama nyuma ya gari wanasema “hii kazi ya Kaniz” mikono inaniloa jasho.

Na kama halifai, niambie ukweli. Nitaligeuza mfuko wa vitabu. Sitakasirika.

Mwanao,
Kaniz Batul


Daso, 2 Oktoba 1996

Mwanangu Kaniz,

Alaikum salaam. Furushi limefika kwa mkono wa dereva wa mjini, halikulowa.

Nimelivalisha siku hiyohiyo. Limekaa kama kofia kwenye kichwa chake. Ile kamba uliyopitisha ukingoni nimeifunga fundo mara mbili upepo usilichukue. Ua la tatu sikuliona kupinda mpaka uliponionyesha, na hata sasa naona limegeuza uso tu, kama abiria anayetaka kutapika.

Walioniuliza nimewaambia nimeagiza mjini. Wamelitazama sana.

Kazi ipo. Magari ya mjini yanashusha mizigo hapa Daso, nasi tunapandisha huku juu kwa zamu kama kawaida. Jana zamu yangu ilirukwa, labda mwandishi wa foleni alisahau. Mama yako anasalimu. Ng'ombe amezaa.

Soma. Mtihani wa darasa la kumi hauna huruma.

Baba yako,
Taqi


Skardu, 20 Oktoba 1996

Baba yangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Nilisoma barua yako mara nne. Nilicheka sana hapo kwenye abiria. Shangazi aliuliza nacheka nini nikashindwa kumwambia.

Nimefurahi kwamba unalitumia. Usiku, kabla sijalala, nafikiria maua yangu yanapanda mlima hadi Askole na kushuka, mimi niliyeyashona nikiwa nimeketi kwenye mkeka. Ni wazo la kitoto, najua.

Nina maswali mawili. La kwanza, mbona Ami Shukur hakuandika chini ya sahihi yako? Nimegeuza karatasi pande zote. La pili, dereva aliyeleta barua aliniuliza, “Wewe ndiye binti wa Taqi Mfunikaji?” Nilidhani ni utani, nikacheka kwa adabu. Yeye hakucheka. Alinipa barua, akapandisha kioo. Wamekupa jina hilo kwa sababu ya kava? Ni jina zuri au baya?

Nimekuwa wa pili katika Kiurdu na wa kwanza katika sayansi.

Mwanao,
Kaniz


Daso, 5 Novemba 1996

Mwanangu,

Shukur hakuandika kwa sababu wino uliisha nikiwa namalizia sahihi. Jina lile ni la mdomo tu. Madereva wakikosa mzigo hutafuna watu. Usiwajibu.

Hongera kwa sayansi. Kava linafanya kazi, tairi halipati jua wala tope. Sijalivua hata siku moja tangu nilivalishe.

Baridi imeanza. Vaa soksi mbili.

Baba yako


Skardu, 12 Desemba 1996

Baba,

Assalamu alaikum.

Kwa nini hukuniambia kwamba Ami Shukur yuko hapa Skardu, hospitalini, mwendo wa dakika ishirini kutoka kwa shangazi? Amelala pale wiki mbili na nusu. Nimesikia kwenye tanuri la mikate, kwa mwanamke nisiyemfahamu, aliyekuwa akimwambia mwenzake kwamba kuna dereva wa Daso amekatwa vidole vya mguu.

Shangazi alipika supu ya tambi yenye kokwa za jozi zilizosagwa, tukaenda. Amekonda. Mguu wa kulia wamekata vidole vinne, kimebaki kile kidogo cha mwisho. Aliponiona alijaribu kufanya mzaha, akasema sasa viatu vyake vitadumu zaidi. Shangazi akatoka kwenda kutafuta maji ya moto, tukabaki wawili. Unajua jinsi ninavyokuwa nikibaki peke yangu na mtu, hata mtu niliyemzoea tangu utotoni. Nilikuwa nachezea kifuniko cha bakuli. Mwishowe nikauliza ilikuwaje.

Akasema pancha na theluji, basi.

Nikauliza kama hakuna gari lililopita. Alikula vijiko viwili, kisha akasema lilipita moja. Nikauliza lilikuwa la nani.

“La mtu aliyenunua kava,” akasema.

Baba, sikuelewa kosa ni nini, lakini nilijua ni gari lako. Nikamwambia hukununua. Nikamwambia nilishona mimi, na mimi ndiye niliyekuomba useme umeagiza mjini, kwa sababu ua moja limepinda.

Aliweka kijiko chini. Akaniuliza yale maua niliyashona mimi, nikasema ndiyo.

Kisha akasema, “Nami nikawaza, Taqi ametoa pesa yake akanunua kufuli. Ungesema, mtoto wewe. Ningejua ni kazi yako ningelifungua kwa meno, huku nakutukania hilo ua.”

Akageukia ukutani. Shangazi aliporudi na maji akamkuta amelala, au anajifanya.

Kufuli la nini? Kwa nini alihitaji kulifungua, na kwa nini hakulifungua? Niambie, Baba. Safari hii usiniambie wino umeisha.

Kaniz


Daso, 21 Desemba 1996

Mwanangu Kaniz,

Nimeanza barua hii mara tatu. Mimi si mwandishi, utanisamehe nikirukaruka.

Barabara yetu ina desturi ambayo haijaandikwa popote, ndiyo maana hukuisoma. Dereva akipata pancha na hana spea, haombi. Kwetu sisi kuomba ni aibu, na kungoja uombwe ni aibu kubwa zaidi. Anasubiri gari lije, mnasalimiana, anachukua spana yake, anakwenda nyuma ya gari la mwenzake na kufungua tairi kama lake. Mwenye gari anatazama mto. Baadaye tairi linaachwa hotelini kwa Hasan, anayelihitaji analichukua. Tumefanya hivyo tangu jipu la kwanza lilipopanda huku. Ukiniuliza tairi lipi ni la nani, sijui. Lile lenye nyufa uliloliona huenda ni la Shukur, au la mwenzetu Fida.

Kwa hiyo spea ikiwa wazi, maana yake karibu. Ikifunikwa na kamba ikafungwa, maana yake uniombe kwanza.

Nilijua siku ileile nilipolivalisha. Mikono ilijua kabla yangu. Lakini macho yako ya wiki sita yalikuwa yameshonwa pale, nikasema watazoea. Hawakuzoea. Shukur aliniuliza mara moja tu, tukiwa kwa Hasan, mbele ya watu. “Umelitoa wapi?” Nikasema nimeagiza mjini. Akasema, “Basi sawa.” Tangu siku hiyo akawa anakunywa chai yake meza nyingine. Zamu yangu ikaanza kurukwa. Ningeweza kulivua nikakuandikia kwamba ninalitumia, lakini nilikuwa nimekwisha kusema uongo mmoja kwa ajili ya kava hilo, sikutaka kukuandikia wewe wa pili. Halafu nikakuandikia ule wa wino.

Tarehe ishirini na nne Novemba, alasiri, theluji ndiyo inaanza. Nilimkuta Shukur kwenye kona ya juu ya mawe meupe, peke yake, ana shehena ya chumvi na mafuta ya taa. Spea yake alikuwa amempa mtu asubuhi. Nikasimama. Tukasalimiana vizuri. Akachukua spana, akaja nyuma ya jipu langu. Mimi nikatazama mto, kama inavyotakiwa, nikawa nasubiri kusikia chuma kinagusa chuma. Sikusikia kitu. Akarudi mbele, spana mkononi.

Akasema, “Wewe nenda. Yuko mtu anakuja.”

Nikamwuliza kama ana hakika.

“Nenda, Taqi.”

Ilikuwa ni kushuka tu, kunyoosha mkono na kuvuta kamba. Hatua sita. Lakini niliona kwamba nikilifungua kwa mkono wangu nitakuwa nimekubali kwamba nililifunga kwa ajili yake. Na niliona pia kwamba yeye alipaswa kunijua. Tumekuwa pamoja kwenye barabara hii miaka ishirini na miwili, alinibebea jeneza la baba yangu. Nikasema moyoni, kama hanijui, basi. Nilikuwa na abiria sita wanatetemeka. Nikawasha gari.

Hapakuwa na mtu aliyekuwa anakuja. Giza lilipoingia alishuka kwa miguu, akavuka kijito, buti likajaa maji. Asubuhi watu wanaofagia theluji barabarani walimkuta, vidole vya mguu vimekwisha kufa kwa baridi.

Hilo ndilo kufuli ulilouliza. Wewe ulishona kitambaa. Kufuli nilitia mimi.

Baba yako,
Taqi


Skardu, 2 Januari 1997

Baba,

Assalamu alaikum.

Umeandika kwamba mimi nilishona kitambaa tu, lakini mimi pia ndiye niliyekuziba mdomo. Ungesema neno moja hotelini, “binti yangu,” wangecheka wote na Ami Shukur angekuwa wa kwanza. Nilikunyima neno hilo kwa sababu ya ua moja. Wasichana wenzangu husema aibu ni pambo. Sijui aliyewafundisha.

Tafadhali livue leo. Usisubiri jua litoke wala usiniulize kwanza. Kitabu kilisema kweli kuhusu mpira, lakini aliyekiandika hakuishi Daso.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine. Imefungwa, si yako. Mpe Ami Hasan wa hotelini, mwambie naomba aisome kwa sauti siku ambayo madereva ni wengi. Ukitaka kutoka nje wakati inasomwa, toka.

Nimemtembelea Ami Shukur mara nne. Hazungumzi juu yako, na mimi siulizi. Ananiuliza maswali ya sayansi ili anione nikijibu. Daktari anasema atatembea, lakini mguu ule hautaweza kukanyaga breki kwa nguvu. Ameniambia jipu lake amemwachia mpwa wake. Aliniambia huku anatazama dirishani, halafu akauliza maji huganda kwa joto gani.

Mwanao,
Kaniz Batul


Skardu, 2 Januari 1997

Kwa madereva wote wa Daso,
kwa mkono wa Ami Hasan mwenye hoteli

Waheshimiwa ami zangu,

Assalamu alaikum. Mimi ni Kaniz Batul, binti wa Taqi, mwanafunzi wa darasa la kumi. Sijawahi kuandikia watu wengi kwa pamoja. Kama ningekuwa mbele yenu nisingeweza kusema hata nusu ya haya, kwa hiyo namwomba radhi Ami Hasan kwa kumpa kazi ya mdomo wangu.

Kava la buluu lenye maua lililo kwenye jipu la baba yangu halikununuliwa. Nilishona mimi. Sikuijua desturi yenu ya tairi, ingawa nimezaliwa kwenye barabara hiyo, kwa sababu nikipanda gari huwa nasoma. Nilimwomba baba asiseme ni langu, aseme ameagiza mjini, naye akatimiza ahadi kwa mtoto wake. Alikuwa anaona meza zinahama, zamu zinarukwa, na bado akatimiza. Hakuna mtu aliyefungiwa tairi hilo. Alikuwa hajui namna ya kulifungua bila kunivua nguo mbele yenu.

Nimemwambia Ami Shukur ana kwa ana. Sasa nawaambia ninyi.

Jina la Mfunikaji ni langu. Naomba mlitoe kwa baba yangu. Naomba pia, mtu akipata pancha, aende nyuma ya jipu lake kama zamani. Sijui kama jambo hili linaweza kuombwa, maana nimeambiwa kwenu hakuombwi kitu. Lakini mimi si dereva, kwa hiyo naomba.

Ni mimi, mtoto wenu,
Kaniz Batul


Daso, 16 Februari 1997

Mwanangu Kaniz,

Alaikum salaam. Idi ilipita vizuri, tulikukumbuka kwenye chakula. Barabara ilizibwa na theluji siku kumi na moja, ndiyo sababu ya kimya changu.

Kava nililivua siku barua yako ilipofika, kabla sijamaliza kuisoma. Mama yako amefunikia gunia la unga. Panya hawaliwezi, anasema ni kitambaa imara.

Barua ile nyingine Hasan aliisoma siku ya Ijumaa usiku, baada ya futari, watu wamejaa. Sikutoka nje. Hasan ni mtu wa kupiga kelele lakini aliisoma polepole kama anasoma majina ya marehemu. Alipofika pale pa kusoma ndani ya gari, mtu mmoja alicheka, wengine wakamnyamazisha. Alipomaliza, Fida alinisogezea birika la chai ya chumvi. Nikamimina, nikanywa, nikarudi nyumbani. Jina lile sijalisikia tena, na zamu yangu hairukwi. Kwa hayo mawili barua yako imeshinda.

Shukur amerudi nyumbani tangu mwisho wa Januari. Nilikwenda jioni, saa ya futari. Alitandika zulia la wageni, akamwamuru mkewe alete mayai na siagi, akanikalisha mbali na mlango, mahali pa heshima. Miaka yote nilikuwa naingia pale na kujifunulia sufuria mwenyewe. Nilimwomba msamaha. Akasema, “Tuliyatenda wote wawili, Taqi, kula.” Alisema kwa wema kabisa. Nimekwenda mara mbili tena, na mara zote mbili zulia la wageni lilikuwa limetandikwa kabla sijavua viatu.

Sasa kuhusu tairi, maana utauliza. Leo ni siku ya thelathini na sita liko wazi nyuma ya gari. Jua linalila kama ulivyosema. Hakuna aliyelifungua. Si kwamba hakuna pancha. Najua za watu wanne. Nadhani hawana kinyongo. Nadhani mkono wa mtu ukishazoea kupita mahali, unapita tu.

Jana nilimkuta Fida amekwama karibu na maporomoko, tairi la mbele limelala. Nilisimama, tukasalimiana, nikatazama mto. Alikuwa na spana mkononi. Nilisikia anatembea hatua mbili hivi juu ya kokoto, kisha akasimama. Akasema mwenzetu Haidar yuko nyuma anakuja. Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo kabla.

Safari hii sikuwasha gari. Nilishuka, nikaketi naye juu ya jiwe. Tukazungumza habari za ndama na bei ya mafuta ya taa. Akaniuliza mtihani wako ni lini, nikamwambia Machi. Ilipita saa nzima na zaidi, abiria wangu wakanung'unika, nikawaacha wanung'unike. Kweli Haidar akaja. Fida alikwenda moja kwa moja nyuma ya jipu lake na spana, bila neno, na Haidar akatazama mto.

Nilimshikia Fida jeki. Hakunikataza.

Baba yako,
Taqi